Saint Patrick hapa L'shi (Lubumbashi): stew ya mbuzi iko juu, biya ya kijani hapana kabisa

Bon, niliahidi nitaandika kama napata nafasi, leo mvua imenifungia mu nyumba, njo nafasi yenyewe.

Tarehe 17 ya mwezi wa tatu resto moja ya ku centre (jina naacha, benye kuijua bataijua) ilipanga soire ya Saint Patrick, sikukuu ya mutakatifu wa Ayalandi, dola 25 kwa mutu, sahani na biya moja ndani. Nilienda juu ya mwenzetu wa kazi, yeye ni mutu wa Ayalandi, wa kule Cork, iko hapa Lubumbashi mwaka wa pili sasa na ile siku njo inamuumaka roho kupita hata Noeli. Noeli hata hapa iko. Patrick wake nani atamufanyia?

Ku mulango batu ba resto bakatuvalisha makofia ya kijani ya plastiki, na mu ukuta bakatundika majani, yale majani ya Patrick, mais ya kwao ilikuwa na vipande vine. Jamaa akaanza kucheka mpaka akaegemea mulango. Ile jani iko na tatu tu, njo watu husema Patrick aliitumia kufundisha Utatu Mutakatifu, sasa huyu wa ine ametokea wapi? Mi mukatoliki wa Katuba nilisikia haya kidogo.

Na kumbe Patrick mwenyewe hakuwa mutu wa Ayalandi. Alikuwa wa Uingereza, wakati ya Waroma, maharamia bakamubeba akiwa na miaka karibu 16, akachunga banyama kule miaka 6 kama mutumwa, akakimbia, kisha akarudia akiwa askofu kwa bale bale benye kumutesa. Hii yote alinihadisia tukingoja chakula, na tulingoja saa moja na nusu, serveze alikuwa mumoja kwa meza labda 15, anakimbia tu maskini, sikumukasirikia yeye.

Stew sasa. Hapa nabapa pwenti zote. Kwa kawaida ni kondoo, viazi na kitunguu, moto kidogo kidogo mpaka viazi inaanza kupasuka yenyewe na kufanya supu nzito. Kondoo haikupatikana bakaweka mbuzi, na nilisema eh, leo tutaona mambo, lakini huyu jamaa alikula bila kuongea hata neno moja, akapangusa sahani, kisha akaita serveze akauliza kama kungali ingine. Akaniambia nisimwambie mama yake.

Mukate ndio ilinikasirisha, na mi kwa mukate hunidanganyi, ni kazi yangu ya asubuhi. Ku menu bameandika mukate ya soda ya Ayalandi. Ile mukate haina levire (hamira), ni unga, chumvi, bikabonati na maziwa ya kuchacha, ule uchachu wa maziwa njo unaamusha bikabonati, na lazima uingize mu furu (jiko ya kuokea) mbio mbio mbele nguvu haijaisha, juu yake unakata musalaba. Batu bakatuletea baguette ya jana bamekata vipande! Maziwa ya kuchacha inauzwa, bikabonati iko mu kila butike, shida ni nini?

Na biya. Bameweka rangi ya kijani ndani ya Simba, biya yetu ya hapa. Simba! Ile ni kosa mbele ya muji muzima. Jamaa akasema kwao mutu wa heshima hanywi kitu ya vile, ile ni mambo ya Marekani, kule Chicago banatiaka hata mutoni rangi ya kijani tangu 1962, na mu Ayalandi kwa miaka mingi mabaa ilikuwa inafungwa na sheria ile siku, juu ilikuwa siku ya kanisa na iko katikati ya Kwarezima. Tantine yangu akisikia hii atafurahi, yeye alininunia nilipotoka nyumbani.

Mizike ilikuwa nyimbo tatu za kwao, nyingine yote rumba, hapo sina malalamiko.

Lakini kitu yenye nilikumbuka mu taksi ni papa mumoja wa meza ya pembeni, muzee wa reli. Alisikia neno Ayalandi akageuka, akauliza, weye ni wa bale ba Tunnel? Maana ni askari ba Ayalandi ba ONU (Umoja wa Mataifa) njo balikamata Tunnel ya reli hapa tarehe 16 ya mwezi wa 12, 1961, mu vita ya Katanga, mvua inanyesha, yeye alikuwa mutoto chini ya kitanda mu mtaa wa Kamalondo. Ile habari hapa si kila mutu anaipenda, kuko familia zililia. Jamaa hakujua aseme nini. Akamusogezea papa kiti, bakaongea mpaka bakazimiwa taa. Tunapitaka pale kila siku, na ba resto hawakuwaza hata kuweka picha moja ya Tunnel mu ukuta, bakaweka majani ya vipande vine.

Nitarudia kwa stew, ndiyo. Tarehe 31 ya mwezi wa kumi banasema batafanya Halloween, na ile nayo mizizi yake iko Ayalandi, kule kuko mukate ya zabibu yenye banafichaka pete ndani, mwenye kuipata ataoa. Nimeisha kubaambia ile mukate nitaleta mimi mwenyewe. Mwenye kuvunjika jino asinitafute.