Bücker Jungmeister: tathmini ya ndege ya sarakasi ya miaka ya 1930

Anayetaka kuelewa kwa nini marubani wa sarakasi za angani huitaja Bücker Bü 133 Jungmeister kwa heshima hadi leo, asianzie kwenye injini. Siemens yenye silinda 7 iliyofungwa kwenye toleo la C, ambalo ndilo lililotengenezwa kwa wingi, ilitoa nguvu za farasi 160 tu. Ubora wa ndege hii umo katika namna inavyomtii rubani. Mabawa yote manne, ya juu na ya chini, yana aileroni, yaani vile vibawa vya ukingo wa nyuma vinavyoinamisha ndege kulia au kushoto, na zote husogea kwa pamoja. Kwa kuwa upana wa mabawa ni mita 6.6 na uzito wa ndege tupu ni kilo 425 hivi, usukani ukiguswa kidogo tu ndege huanza kubiringika, na ukirudishwa katikati huacha papo hapo. Zaidi ya hayo, nguvu inayotakiwa mkononi inalingana vizuri na ile inayotakiwa miguuni, sifa ambayo kwa maoni yangu ina thamani kuliko mwendo kasi wowote.

Uzuri huo haukutokea kwa bahati. Carl Clemens Bücker, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini la Ujerumani, alifanya kazi ya kuunda ndege nchini Sweden kabla ya kurudi kwao mwaka 1933 na kuanzisha kiwanda chake pamoja na msanifu Msweden, Anders J. Andersson. Mwaka 1934 walirusha Jungmann, ndege ya mafunzo yenye viti viwili, na mwaka uliofuata wakaitoa Jungmeister, ndogo zaidi na yenye kiti kimoja, ikitumia sehemu nyingi za dada yake: mabomba ya chuma kwenye kiwiliwili, mbao kwenye mabawa, na kitambaa juu yake. Ni lazima isemwe pia kwamba jeshi la anga la utawala wa Nazi liliitumia kuwanoa marubani wake, na historia ya ndege hii haikamiliki bila ukweli huo.

Nje ya Ujerumani ilipata maisha marefu zaidi. Ilitengenezwa Uhispania na Uswisi, na jeshi la anga la Uswisi liliendelea kuitumia hadi mwaka 1968. Rubani wa Romania, Alex Papana, aliipeleka moja Marekani mwaka 1937. Ndege hiyohiyo baadaye ilikuwa ya Mike Murphy, kisha ya Bevo Howard, aliyeirusha kwenye maonyesho kwa miaka mingi mpaka alipofariki nayo katika ajali mwaka 1971. Ilikarabatiwa, na sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian ikiwa na rangi zake nyekundu na nyeupe. Mtazamaji akiikaribia, atazame pua yake: bati linaloizunguka injini limefinyangwa vinundu ili kuvipa nafasi vichwa vya silinda, kwa sababu wasanifu walilibana kadiri walivyoweza.

Kasoro zipo. Ikiwa ardhini imekalia gurudumu la mkia, pua humziba rubani asione mbele. Mabawa yake yamepinda zaidi upande wa juu, hivyo kuruka kichwa chini kunahitaji usukani usukumwe kwa bidii kuliko katika ndege za baadaye, kama baadhi ya matoleo ya Pitts, ambazo mabawa yake yana umbo linganifu juu na chini. Aidha, katika kupanda wima, injini ile huishiwa pumzi mapema, na rubani hana budi kuchuma kasi kwa kupiga mbizi kwanza.

Baadhi ya wamiliki wameiondoa Siemens na kufunga injini ya Lycoming, ambayo ina nguvu zaidi na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Nawaelewa, lakini ningepewa nafasi ya kuchagua ningechukua yenye injini ya asili, kwa kuwa uwiano ule wa uzito na vidhibiti ulipangwa kwa ajili yake.