Waya wa kuku badala ya sponji ya maua: unapofaa na unapokwama

Nusu mita ya waya wa kuku, tepu ya umeme na bakuli lolote lisilovuja: hivyo tu vinatosha kushika maua bila sponji ya kijani, ile inayolowekwa maji na kuchomekwa mashina. Mbinu yenyewe si ngeni. Mpambaji maua wa Uingereza, Constance Spry, aliitumia London miaka ya 1930, yeye aliyethubutu kupamba hata kwa majani ya mboga iitwayo “kale” kwa Kiingereza, ndugu wa sukuma wiki. Na tangu 2021 sponji imepigwa marufuku kwenye maonyesho ya RHS, chama cha bustani cha Uingereza, kwa kuwa ni plastiki isiyooza.

Dukani angalia tundu kwanza. Nusu inchi haifai kabisa: ukiukunja, hata shina la waridi halipiti. Inchi moja ni ya mashina membamba. Kwa alizeti na yungiyungi chagua inchi mbili. Ukipata uliopakwa plastiki, chukua huo. Wa zinki mtupu hukwaruza kioo, na pale ulipokatwa huanza kushika kutu.

Kwa bakuli lenye mdomo wa sentimita 15, vaa glavu, ukate kwa mkasi wa bati kipande cha sentimita 40 kwa 40. Ingiza ncha kali ndani, kisha kunja upate mpira uliolegea wenye tabaka tatu, kilele kikizidi ukingo kwa sentimita 3 hivi. Wengi huukaza mno, halafu lawama zote kwa waya. Shina lipite angalau tabaka mbili. Likishikwa na moja tu, linazunguka na ua linaishia kutazama ukuta. Juu yake pitisha tepu mbili zilizopishana kama msalaba, bakuli likiwa bado kavu, maana tepu haishiki palipolowa. Tanguliza majani (mvinje unafaa sana), yafuate maua mazito, mepesi mwisho.

Faida kubwa iko kwenye maji. Ukichomoa shina kwenye sponji panabaki tundu la hewa, na ua utakalorudisha hapo hunyauka. Kwenye waya chomoa na urudishe hata mara kumi, mradi ncha ya shina iko majini. Kila lita itie kijiko cha chai cha sukari na robo kijiko cha jiki. Majani yatakayozama yaondoe yote, la sivyo siku ya pili meza inanuka.

Safarini ndipo waya unapoumbuka. Sponji hunywa maji ikayashika. Bakuli hili humwagika kwenye kona ya kwanza. Lisafirishe na theluthi ya maji, ulijaze ukifika. Kwa matao ya lango usijisumbue nao. Chungu cha udongo nacho hutoa jasho na kuacha duara mezani, kwa hiyo weka ndani chupa ya maji iliyokatwa.

Mshindani wake wa bure ni gogo la mgomba. Kipande cha sentimita 20, kikitobolewa kwa kijiti, hushika mashina magumu ya waridi na kuyapa unyevu kwa siku moja. Jabera, kwa ulaini wa shina lake, hukunjika humo. Utomvu ukigusa kitambaa cheupe, hakuna sabuni itakayokinusuru. Gogo likae kwenye sinia lenye ukingo.

Shughuli ikiisha suuza waya, uanike, wala usiunyooshe: umbo hilohilo litarudi kwenye bakuli lilelile.