TAHADHARI MALINDI: Wanaokuja "kuokoa" nyumba yenye notisi ya mnada

Jamani watu wa Malindi, hasa wenye nyumba zilizowekwa rehani benki: kuna watu wanazunguka Maweni, Muyeye na Barani wakibisha hodi kwenye nyumba zilizotangazwa kupigwa mnada. Huja wawili, wamevaa vizuri, wana faili lenye jina lako na namba ya ploti yako. Hilo lisiwatishe. Wameyasoma kwenye tangazo la dalali gazetini, mahali ambapo yeyote angeweza kuyasoma.

Maneno yao hayabadiliki. Wanamjua mkubwa fulani benki, mnada watausimamisha, wewe lipa kwanza ada ya kufungua faili. Kisha wanakukataza kwenda benki na kupokea simu za benki, eti utaharibu mazungumzo. Hapo ndipo penye sumu. Ada inauma, lakini wanachokuibia hasa ni siku zako. Jirani yangu, mama mjane aliyekuwa akikodisha vyumba kwa wageni, aliwalipa mara mbili, akatulia nyumbani akingoja habari njema. Barua za benki akawa anawapa wao bila kuzifungua. Nyumba iliuzwa, na alipowapigia simu, namba zote zilikuwa zimezimwa.

Na siku hizo ni haki yake kisheria. Kwa Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, ukishindwa kulipa kwa mwezi mzima, benki inaweza kukupa notisi, na notisi hiyo lazima ikuachie angalau miezi 3 ya kurekebisha mambo. Ukishindwa, inafuata notisi ya kuuza, isiyopungua siku 40. Dalali naye hukupa siku 45 za kukomboa, na hata akishatangaza gazetini hawezi kuuza kabla ya siku 14 kupita. Kabla ya kuuza, benki inatakiwa pia kumleta mthamini. Kama ni nyumba ya ndoa, rehani yenyewe haisimami bila ridhaa ya mke au mume. Muda wote huo, mpaka nyundo ya dalali igongwe, ukilipa deni nyumba inabaki yako. Nyundo ikishagongwa, kumnyang'anya mnunuzi ni kazi ngumu mno. Mara nyingi kinachobaki ni kudai fidia.

Sasa kuna kundi la pili, na hili naliogopa zaidi, kwa sababu halikuombi hata senti. Hawa wanasema watalilipa deni lako lote benki, wewe ubaki ndani ya nyumba ukiwalipa kodi, halafu ukipata pesa uinunue tena. Unaletewa karatasi nyingi uzitie saini usiku huo huo. Katikati yake mna mkataba wa mauzo, fomu ya uhamisho iliyoachwa wazi mahali pa bei, au hati ya uwakilishi inayompa mtu mamlaka ya kusaini kwa niaba yako. Kweli deni wanalilipa, maana wanataka benki iiachilie hati ya nyumba. Ikiachiliwa, hati inahamia jina lao. Mtu aliyebakiza deni dogo anapoteza nyumba yenye thamani mara nne au tano ya deni hilo, kisha anafukuzwa kama mpangaji asiyelipa.

Ulaghai huu haukuzaliwa hapa. Marekani, soko la nyumba lilipoanguka mwaka 2008, walaghai wa namna hii walizagaa, mpaka serikali ikatoa kanuni mwaka 2010 kupiga marufuku kumtoza mwenye nyumba ada ya msaada kabla hajapata makubaliano ya maandishi kutoka kwa benki na kuyakubali. Nawaomba tuwapime hawa wetu kwa kipimo hicho hicho: anayetaka pesa kabla ya kukuonyesha barua ya benki, mfungie mlango.

Najua kwa nini watu wanawasikiliza. Wengi wetu tulianza kuzama mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimamishwa mwezi Machi na nyumba za wageni zikabaki tupu. Kisha riba ikapanda. Februari 2024 Benki Kuu ilifikisha riba yake ya msingi asilimia 13. Mtu anaona aibu, hataki hata ndugu wajue, na hawa wanakuja kwa sauti ya upole. Lakini nenda benki mwenyewe, mapema, na uende na barua. Omba muda wa mkopo urefushwe, au ulipe riba peke yake kwa miezi kadhaa. Ikishindikana kabisa, omba ridhaa ya kuuza mwenyewe, kwani bei ya mnunuzi uliyemtafuta kwa utulivu huwa bora kuliko ya mnada. Nakala ya barua igongwe muhuri, ubaki nayo. Pesa ziingie kwenye akaunti ya mkopo tu, si kwenye simu ya mtu. Ukionyeshwa oda ya kusimamisha mnada, chukua namba ya kesi ukaulize masjala ya mahakama hapa Malindi. Anayejiita wakili, uliza Chama cha Mawakili kama ana cheti cha mwaka huu. Asiye na uwezo wa kulipa wakili ajaribu Kituo cha Sheria, wana ofisi Mombasa.

Na kama umeshasaini, usijifiche. Tafuta wakili leo, hati ya uwakilishi ifutwe kwa maandishi na ufutaji huo usajiliwe, na aombe zuio kwenye rejista ya ploti yako, iwe iko Kilifi au Mombasa. Ripoti polisi na uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Jirani yangu ameshaandikisha maelezo yake. Waliotapeliwa na watu hao hao waende nao, wasiogope, ili mama huyu asibaki peke yake.