Spider Farmer SF-1000 kwa miche ya pilipili mbuzi: uzoefu wangu

Ukiishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na unataka pilipili mbuzi ya bustani yako mwenyewe, mbegu lazima ziingie kwenye udongo Februari, ndani ya nyumba, maana baridi ya kuua miche inaweza kupiga hadi katikati ya Mei. Dirisha peke yake halitoshi. Miche inarefuka, shina linakonda kama uzi, yote inalalia kioo.

Mimi natumia taa ya LED ya Spider Farmer, SF-1000, na kilichonifanya niipende ni kile kitufe cha kuzungusha cha kupunguza mwanga. Inakula wati 100 za kweli. Nasema za kweli kwa sababu jirani yangu ana taa ya zambarau iliyoandikwa wati 1000 kwenye boksi. Tulipoichomeka kwenye kipima umeme, ilivuta kama 100 tu. Tena chini ya ule mwanga wa zambarau huwezi kujua jani lipi ni kijani na lipi limeanza njano. Hii yangu ni nyeupe, na haina feni, kwa hiyo haipigi kelele sebuleni.

Taa hizi soko lake kubwa ni wakulima wa bangi. Hapa Minnesota sheria inaruhusu kuotesha nyumbani tangu Agosti 1, 2023, kwa wenye miaka 21 na zaidi, mimea isiyozidi minane, na iliyokomaa isizidi minne. Ndiyo maana ushauri mwingi utakaokutana nao unazungumzia mmea unaotoa maua, wenye njaa kubwa ya mwanga. Mche mchanga, uwe wa bangi, nyanya au pilipili, ukiupa mwanga wa kiasi hicho utaungua.

Taa naining'iniza sentimita 60 juu ya trei, kitufe kwenye asilimia 40 hivi, taima saa 16 kwa siku. Napima kwa programu ya simu, Photone, nikiwa nimefunika kamera kwa kipande cha karatasi nyeupe. Natafuta mikromoli 200 kwa mita ya mraba kwa sekunde, yaani kipimo cha mwanga ambao mmea unaweza kuutumia. Kwa saa 16 hizo ni kama moli 11.5 kwa siku, na mche unashiba. Yakishatoka majani halisi ya pili (yale yanayofuata vijani viwili vya kuchipukia) napandisha taratibu hadi 300. Lumeni zilizoandikwa kwenye boksi zisikusumbue, zile hupima mwanga jinsi jicho la binadamu linavyouona, si jinsi mmea unavyoutumia.

Baada ya hapo natazama majani. Kingo zikijikunja kwenda juu na rangi ikapauka pale kileleni, mwanga umezidi, nainua taa. Shina likinyanyuka sana kabla ya majani ya kwanza, naishusha. Miche ya pembeni hupata mwanga kidogo kuliko ya katikati na huanza kuinamia ndani, basi nazungusha trei kila ninapomwagilia. Eneo la sentimita 60 kwa 60 linabeba trei mbili vizuri. Usilazimishe ya tatu.

Umeme si wa kutisha: kitufe kikiwa asilimia 40, yaani wati 40 hivi, ni kama yuniti 19 kwa mwezi.

Mwisho wa Mei naitoa miche nje kivulini, saa moja siku ya kwanza, kisha naongeza kidogokidogo kwa wiki nzima, kwa sababu jua la mchana linafika mikromoli 2000, karibu mara saba ya zile 300 ilizozoea mezani.