Mateso au kutojali: imani inadumu wapi zaidi?

Hili swali haliishi, Ukristo unasimama imara penye mateso au penye uhuru ambao watu hawajali tena? Kwa gharama, mateso yanadai vyote kwa mpigo, pale Namugongo, Uganda, 3 Juni 1886 vijana Wakristo wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walichomwa moto wakiwa hai kwa amri yake. Kutojali hakudai kitu, Jumapili hii unalala, ijayo unalala, afu Biblia inashika vumbi na hakuna aliyekukataza kuisoma.

Kwenye kudumu ndo naguswa. Japani ilipiga marufuku Ukristo 1614, mapadri wakaisha, familia zikabatiza watoto zenyewe kwa siri na kusali mbele ya sanamu ya Kannon, anayeheshimiwa na Wabuddha kwa huruma, wakiichukulia kama ya Maria, hadi 1865 wakajitokeza kwa padri Mfaransa Nagasaki, yaani zaidi ya miaka 200! Ila tusidanganyane, wengi pia walilazimishwa kukanyaga picha ya Kristo wakaikana imani.

Uhuru unashinda kwenye malezi, mtoto anafundishwa waziwazi, lakini matunzo yake ni kila siku. Sichagui mshindi mie. Uko penye hatari? Tafuta wawili watatu wa kusali nao. Uko huru? Anza na saa ya sala isiyohamishwa na simu.