TAHADHARI: Anayeuza "seti ya kurudisha homoni" hapa Dodoma, hasa kwa wenye shida ya tezi ya shingo

Ndugu zangu, na zaidi dada zangu mnaotafuta mtoto baada ya kuacha sindano za uzazi wa mpango, naomba msome hii hadi mwisho. Kuna mtu anauza seti ya "kurudisha homoni" kwenye status na magrupu ya WhatsApp. Anajiita daktari. Ukimuuliza duka liko wapi, anakwambia bodaboda atakuletea. Mimi mzigo wangu niliupokelea karibu na soko la Sabasaba, sh 120,000, na jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lake. Hapo nilitakiwa kushtuka.

Ndani kulikuwa na chupa nyeupe ya kapsuli na kifuko cha nailoni chenye vidonge vyekundu visivyo na jina, eti "vya kuongeza damu". Nilimweleza wazi kwamba tezi yangu ya thairoidi haitoi homoni za kutosha na kwamba kila asubuhi nameza levothairoksini, dawa ya kuziba pengo la homoni hizo, mikrogramu 100. Akajibu: "Hakuna shida dada yangu, meza vyote asubuhi kwa pamoja." Jibu hilo peke yake lilitosha kunionyesha kuwa si daktari. Dawa za kuongeza damu kwa kawaida zina madini ya chuma, na chuma huzuia levothairoksini isiingie mwilini vizuri. Zinatakiwa kupishana kama saa 4.

Baada ya mwezi akaniambia nikapime. TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi (ikishuka huashiria homoni za tezi zimezidi, ikipanda zimepungua), ikasoma 0.06, wakati kawaida huwa kati ya 0.4 na 4 hivi, na T4, homoni yenyewe ya tezi, ilikuwa juu. Nikampiga picha ile karatasi, nikamtumia. Akanirudishia sauti amejaa furaha: tezi imepona, achana na dawa za hospitali, sasa zinakuumiza. Na kweli karatasi ilionyesha homoni zimezidi. Nikaacha levothairoksini, nikabaki na kapsuli zake.

Levothairoksini haitoki mwilini kwa siku moja, nusu yake tu huchukua kama wiki nzima. Kwa hiyo mwanzoni nilijiona mzima. Wiki ya sita nilikuwa navaa sweta saa saba mchana, Dodoma hii, mwezi wa Novemba. Uso umevimba, sauti imekuwa nzito, choo napata baada ya siku nne. Mume wangu ndiye aliyenipeleka hospitali.

Wakapima tena: TSH iko chini vilevile. Daktari akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Akanishika mikono, ya baridi. Akanipigisha magoti kwenye kiti, akagonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa kinyundo, na mguu ukaruka halafu ukarudi taratibu mno, hata mimi niliuona. Akasema, "Karatasi inasema homoni zimezidi, mwili unasema zimekwisha. Mama, unakunywa nini kingine?" Nikatoa ile chupa kwenye mkoba. Akaisogeza dirishani kusoma maandishi madogo: biotini mikrogramu 10,000, na unga wa mwani wa baharini.

Biotini ni vitamini, na mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 tu kwa siku. Sasa, baadhi ya mashine za maabara hutumia biotini hiyohiyo katika kupima. Ikijaa kwenye damu, TSH husomeka chini kuliko ilivyo na T4 juu kuliko ilivyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017. Nikaacha zile kapsuli kwa siku kadhaa, nikapimwa upya kwenye mashine ileile: TSH 41. Tezi haikuwa imepona hata kidogo. Na ule mwani una madini ya joto ambayo kipimo chake hakikuandikwa popote. Yakizidi yanaweza kuichochea tezi kupita kiasi au kuizima.

Mtu huyuhuyu anawauzia vijana wa gym vidonge vya "kurudisha homoni" baada ya sindano za misuli. Kwenye status yake niliona tamoksifeni iliyokatwakatwa kutoka kwenye ganda. Hiyo ni dawa ya saratani ya matiti, ya kuandikiwa na daktari. Huongeza protini inayobeba homoni za tezi kwenye damu, hivyo kipimo cha T4 ya jumla kinaweza kupanda bila tezi kuwa na tatizo, na anayetumia levothairoksini anaweza kuhitaji kubadilishiwa dozi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wateja wake ni wanawake wanaotaka mimba. Miezi ya mwanzo mtoto tumboni hutegemea homoni ya tezi ya mama yake. Ningeshika mimba katika zile wiki sita, sijui ningejisameheje.

Nilipodai hela yangu akaniblok, na sasa anatumia namba nyingine. Kama umeshanunua, usiache dawa ya tezi kwa maneno yake, na kabla hujatolewa damu mwambie mtu wa maabara kila unachomeza, hata vitamini za nywele. Chupa usiitupe, TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) wana ofisi hapahapa Dodoma na wanapokea taarifa za dawa za namna hii. Yangu nimeshaipeleka ikiwa na kapsuli 11. Picha ya lebo ninayo, anayetaka kulinganisha na yake aje inbox.