Exact Audio Copy: Programu ya Kuokoa Muziki Uliomo Kwenye CD

Exact Audio Copy ni programu ya Windows ambayo Mjerumani Andre Wiethoff alianza kuitoa mwaka wa 1998, na ambayo hadi leo hupatikana bila malipo kwa matumizi ya binafsi. Husoma muziki uliomo kwenye CD, huuhifadhi kwenye kompyuta na, ikishaelekezwa vizuri, huubana yenyewe (yaani hupunguza ukubwa wa faili) bila mtu kuigusa tena. Nimeitumia kwa mkusanyiko wa nyumbani wenye benga, rumba, taarabu na nyimbo za kwaya, nami ninampendekezea kila mkaazi wa Nairobi aliye na CD ambazo hangependa kuzipoteza. Si nyimbo zote zilizouzwa River Road ambazo zimefika kwenye huduma za kusikilizia muziki mtandaoni, na nyingi kati ya CD tulizonunua huko zilichomwa kwenye kompyuta. CD za aina hiyo zina tabaka la rangi ambalo hufifia kwa joto na mwanga hadi leza ishindwe kulisoma.

Thamani kuu ya programu hii imo katika usomaji wake. Ukiiweka katika hali yake ya usomaji salama, kila kipande cha sauti husomwa angalau mara mbili, na matokeo yasipolingana, husomwa tena kwa mafungu ya mara 16 hadi matokeo 8 yakubaliane. Kipande kilichokwaruzwa vibaya kinaweza kusomwa hadi mara 82 kabla ya programu kukiri kwamba imeshindwa na kuonyesha ni mahali gani katika wimbo penye kasoro. Programu nyingi za kawaida hupita juu ya kasoro kama hiyo bila kusema lolote, na mwenye muziki huja kuisikia baadaye sana, CD yenyewe ikiwa imeshapotea. Uangalifu huo hula muda, hasa kwa CD chafu. Ni vyema kuipangusa kwanza kwa kitambaa laini, kutoka katikati kuelekea ukingoni.

Wengi hukata tamaa wanapofika kwenye kubana, kwa kuwa kazi hiyo Exact Audio Copy huikabidhi programu nyingine. Matoleo ya karibuni huja pamoja na FLAC, inayobana sauti bila kuipunguzia ubora, lakini LAME, ambayo hutengeneza MP3, hupakuliwa kando. Bonyeza F11 ufungue mipangilio ya kubana, nenda kwenye sehemu ya programu za nje, uiruhusu, chagua kisimbaji (programu ya kubana) cha kujipangia mwenyewe, andika .flac kuwa mwisho wa jina la faili, na uonyeshe mahali flac.exe ilipo. Katika nafasi ya maelekezo andika: -8 -V %source% -o %dest%. Nambari 8 huagiza mbano wa juu kabisa, nayo V huagiza kila faili ifunguliwe na kulinganishwa na sauti ya awali. Ukitaka jina la mwanamuziki na la wimbo yakae ndani ya faili, tanguliza -T "ARTIST=%artist%" -T "TITLE=%title%". Weka alama panapohusu kufuta WAV, yaani faili la sauti ambalo halijabanwa, baada ya kubana, na uiondoe panapohusu lebo za ID3, zinazotumiwa na MP3, kwa maana FLAC ina lebo zake. Kisha, kwa F9, katika sehemu ya zana, agiza ubanaji ufanyike kwa foleni nyuma ya pazia, ili wimbo wa pili uendelee kusomwa huku wa kwanza ukibanwa. Baada ya hapo ni kubonyeza Shift na F6 tu: kila wimbo utasomwa kwa majaribio, utanakiliwa, utalinganishwa na kubanwa.

Kati ya FLAC na MP3, ninashikilia FLAC. Sauti ya CD huhitaji kilobiti 1,411 kwa sekunde, na FLAC huipunguza hadi karibu nusu, au zaidi ya nusu kidogo, bila kupoteza hata biti moja. MP3 ya LAME katika kiwango cha -V 2 hukaa karibu na kilobiti 190, nayo yatosha kabisa kwa simu na redio ya gari. Lakini kutoka FLAC utaweza kutengeneza MP3 wakati wowote, ilhali kutoka MP3 hutairudisha sauti iliyotupwa.

Jambo linalohitaji subira zaidi kwetu ni majina. Programu huyatafuta kwenye hifadhidata za mtandaoni, na kwa CD nyingi za hapa nchini haipati kitu. Yaandike mwenyewe kabla ya kuanza kunakili, ukizingatia tahajia ya Kikamba, Kigikuyu au Dholuo kama ilivyo kwenye jalada, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokuwa majina ya faili. Vivyo hivyo AccurateRip, huduma inayolinganisha nakala yako na za watu wengine waliosoma CD hiyohiyo, mara nyingi haitakuwa na cha kulinganisha nacho. Ndiyo maana ninasisitiza Shift na F6: usomaji wa majaribio ukilingana na ule wa kunakili, una ushahidi wako mwenyewe, na ripoti inayotolewa mwishoni yafaa kuhifadhiwa ndani ya folda ya albamu.

Sura ya programu hii imezeeka, na madirisha yake yamejaa istilahi ambazo mgeni hazielewi. Kompyuta nyingi mpya pia hazina kiendeshi cha CD, hivyo utalazimika kununua cha nje cha kuunganisha kwa USB. Vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki katikati ya jiji, na ni busara kuomba kukijaribu hapohapo dukani kwa CD yako yenye mikwaruzo. Mwenye kompyuta ya Mac hataweza kuisakinisha moja kwa moja. Yeye na atumie XLD, ambayo pia haina malipo, hubana kwa FLAC na hutumia AccurateRip vilevile.